Jinsi ya kutokata tamaa na kibubu chako
Jamani wengi tunaanza kibubu Januari kwa mbwembwe, Machi haijaisha kishapasuliwa. Usianze na hela kubwa, weka buku mbili kila siku, mwaka ukiisha una 730,000 mkononi. Halafu tafuta picha ya kitu unachokitaka, mi nilibandika ya cherehani ukutani pale pale juu ya kibubu, kila nikitamani kukivunja nakutana nayo kwanza na kwa kweli hii ndo imenisaidia kuliko yote. Siku mbaya weka hata mia tano ila usiruke, ukiruka mbili tatu mzuka unakata. Mwambie mtu mmoja unayemwamini akuulize kila Jumapili. Na ukikivunja kwa dharura ya kweli, mtoto kaumwa labda, nunua kingine kesho yake, usisubiri mwezi mpya.