Makubaliano ya matunzo: yafikishe mahakamani mapema

Dada zangu mlioachana au mnaoachana na waume kwa talaka, naomba mnisikilize. Karatasi ya matunzo (hela ya kukutunza baada ya talaka) mliyosainiana nyumbani, au mbele ya mwenyekiti wa mtaa, haina meno. Akiacha kutuma hela baada ya miezi miwili, hakuna ofisa atakayemfuata kwa sababu ya karatasi hiyo.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru matunzo ya mtalaka. Kwa hiyo shauri la talaka likiwa bado linasikilizwa, ombeni makubaliano yenu yaingizwe kwenye amri: kiasi gani, tarehe ngapi, kwa njia ipi. “Atatoa kadiri atakavyoweza” msikubali kabisa. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Kisha chukua nakala iliyogongwa muhuri.

Pesa ziingie benki au kwenye simu, si mkononi, maana taarifa ya miamala ndiyo itakayoonyesha miezi aliyoruka.

Akikaidi, rudi mahakama ileile upeleke maombi ya kukazia hukumu, yaani kuiomba mahakama imlazimishe atekeleze amri. Ukijua anapofanya kazi na mali aliyonayo, yaandike humo, kwa sababu mahakama inaweza kuamuru mshahara ukatwe au mali ikamatwe na dalali wa mahakama. Usisubiri deni lirundikane miaka. Na ujue ukiolewa tena, haki ya matunzo yako wewe inakoma. Ya watoto ni suala jingine.

Huna pesa ya wakili? TAWLA (chama cha wanasheria wanawake Tanzania) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) husaidia wanawake bure.