Namna ya kuchagua oili ya giaboksi inayostahimili joto kwa gari lenye injini kubwa

Mteja mmoja aliniletea Crown Athlete ya lita 3.5, ile yenye V6 ya 2GR-FSE inayotoa nguvu za farasi 315. Akaniambia, "Fundi, mlima wa Kitonga unanitesa. Nikifika juu gia zinachelewa kuingia. Nitilie oili nzito, ile ya magari ya mashindano." Nilikuwa bado mchanga kwenye kazi, nikamkubalia. Nikamwaga WS, oili ya kiwanda ya Toyota iliyokuwemo, nikatia oili nzito kutoka kopo lililoandikwa kwamba inafaa magari yote. Wiki ya pili akarudi. Gari likifika kilomita 60 kwa saa linatetemeka kama linapita juu ya rasta. Klachi ya kufungia iliyo ndani ya toki konveta, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili, ilikuwa inashika na kuachia, inashika na kuachia. Nilirudisha oili sahihi kwa kumwaga na kujaza mara tatu, kwa gharama yangu.

Hatua ninazoziandika hapa ndizo nilizopaswa kuzifuata siku ile.

Hatua ya 1: Pima joto kabla hujanunua chochote

Chomeka skana, ile kompyuta ya kusoma gari, kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ingia sehemu ya giaboksi, tafuta joto la oili. Kwenye Toyota nyingi za gia sita utakuta vipimo viwili, kimoja cha oili iliyo kwenye sampu, lile bakuli la chini ya giaboksi, na kingine cha oili inayotoka kwenye toki konveta. Mlimani tazama hicho cha pili, maana kinapanda upesi sana wakati cha sampu bado kinajivuta.

Kisha peleka gari pale pale linapokutesa. Kama ni foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, nenda huko. Kama ni Kitonga, panda na mzigo uleule unaobeba siku zote. Dereva aendeshe, mtu mwingine asome skana na kuandika.

Nyuzi 80 hadi 95 za Selsiasi ni joto la kawaida. Sampu ikifika 110 anza kuwa makini. Ikikaa juu ya 120 kwa muda mrefu, oili inachakaa kwa kuungana na hewa, na utando wa kahawia unaanza kuganda kwenye vali bodi, yaani sehemu ya vali zinazoelekeza oili kwenye klachi. Ukikaribia 150, sili za mpira zinakakamaa na klachi zinateleza. Sisi mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi joto la kawaida hukata maisha ya oili karibu nusu.

Ni muhimu ujue joto hili linatoka wapi. Ndani ya toki konveta, upande wa injini unarusha oili kwa mapanga yake, na oili hiyo ndiyo inayosukuma mapanga ya upande wa giaboksi. Pande mbili zikizunguka kwa mwendo tofauti, nguvu inayopotea katikati yake inageuka joto. Sasa fikiria uko nyuma ya lori Kitonga, kilomita 25 kwa saa. Klachi ya kufungia haijashika kwa sababu mwendo ni mdogo, na wewe unakanyaga mafuta kwa injini ya farasi 315. Nguvu yote hiyo inapita kwenye oili. Ndiyo maana gari lenye injini kubwa huchemsha giaboksi hata likiwa polepole, na wengi hawalitegemei jambo hilo.

Hatua ya 2: Kagua oili iliyomo

Dondosha matone matatu kwenye tishu nyeupe, subiri dakika kumi. Oili nzima inasambaa ikiwa na rangi yake, nyekundu au inayoelekea kahawia hafifu. Iliyochoka inaacha kiini cheusi katikati chenye duara jembamba pembeni. Inuse pia. Iliyoungua ina harufu kali, kama ile ya klachi ya lori lililolazimishwa kupanda.

Ukishusha sampu, tazama sumaku zilizomo ndani. Uji laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, au unga mwingi mweusi wa klachi, vinakuambia kwamba tatizo limeshapita kiwango cha oili. Hapo simama. Hakuna oili inayorudisha klachi iliyokwisha, na nisingependa mtu atumie pesa ya oili ya bei juu kwenye giaboksi inayohitaji kufunguliwa.

Ikiwa oili ina rangi ya pinki na imekuwa kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Usiliwashe tena hilo gari mpaka rejeta ibadilishwe na giaboksi isafishwe.

Hatua ya 3: Jua kiwango ambacho giaboksi yako inadai

Hapa ndipo niliposhindwa na Crown ile. Oili ya giaboksi ya otomatiki ina kazi ya kulainisha, kubeba joto, kusukuma vali, na pia kuzipa klachi msuguano wa kiasi fulani hasa. Kiasi hicho kinatoka kwenye kemikali zilizochanganywa humo, na kila mtengenezaji ana zake. Ukikosea kiwango, hata oili bora duniani italitetemesha gari.

Soma kitabu cha gari au maandishi yaliyo kwenye kizibo cha giaboksi. Toyota za gia sita nyingi zinataka WS, ambayo kwa Aisin, kampuni inayotengeneza giaboksi za Toyota, inaitwa JWS 3324. Za zamani zaidi zinataka T-IV, yaani JWS 3309. Hizi mbili hazibadilishani, kwa sababu WS ni nyepesi zaidi. BMW zenye giaboksi ya kampuni ya ZF ya gia sita zinatumia Lifeguard 6, na za gia nane Lifeguard 8. Kama gari lako ni la CVT, yaani giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, mwongozo huu si wako. Oili ya CVT ni jamii nyingine kabisa na usiichanganye na hizi.

Rangi isikuongoze. Oili nyingi ni nyekundu kwa sababu ya rangi iliyotiwa tu, na ile ya Mercedes ya kiwango cha 236.15 ni ya buluu.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya vipimo

Ukishajua kiwango, sasa unatafuta iliyo imara zaidi ndani ya kiwango hichohicho. Kila kampuni makini ina karatasi ya vipimo ya kila oili yake kwenye tovuti. Ipakue, uisome hivi.

Anza na mnato, yaani uzito wa oili, kwenye nyuzi 100. Oili nyepesi za kisasa huwa karibu na sentistoki 5.5 hadi 6, na zile za enzi ya Dexron III, kiwango cha zamani cha GM, huwa karibu na 7 hadi 7.5. Baki karibu na namba ya oili ya kiwanda chako. Uzito si ustahimilivu. Oili nzito kuliko inayotakiwa inasumbua pampu, inachelewesha vali, na yenyewe inazalisha joto zaidi.

Halafu tazama faharasa ya mnato. Namba kubwa ina maana kwamba oili haipungui sana uzito ikipata moto. Lakini kuna mtego. Namba hiyo inaweza kutokana na ubora wa oili yenyewe, au na polima ndefu zilizoongezwa. Polima hizo hukatwakatwa na gia kadiri siku zinavyokwenda, na oili iliyoanza vizuri inakuwa maji. Kwa hiyo tafuta kama karatasi inaonyesha mnato baada ya kipimo cha KRL, ambacho huisaga oili kwa saa nyingi ndani ya beringi. Oili inayotoka humo ikiwa imepoteza kidogo tu ndiyo unayoitaka. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na kampuni inayokiweka wazi naipa heshima yangu.

Aina ya oili ya msingi pia ni muhimu. Sinthetiki kamili ya kundi la III au la IV, yaani PAO, inavumilia joto na hewa kuliko ya madini.

Nyuzi za kushika moto zisikupumbaze. Kuona 200 au zaidi haimaanishi giaboksi iende mpaka huko. Itakuwa imeshakufa zamani.

Mwisho, tofautisha "imeidhinishwa" na "inafaa kwa". La kwanza ni neno la mtengenezaji wa gari au wa giaboksi. La pili ni neno la muuzaji.

Hatua ya 5: Nunua kwa wakala

Nunua kwa wakala anayekupa risiti. Kagua mfuniko haujaguswa na namba ya toleo haijafutwa. Nunua lita zote kwa mara moja, za toleo moja.

Hatua ya 6: Badilisha kwa mafungu

Ukifungua nati ya kumwagia, haitoki yote. Sehemu kubwa inabaki kwenye toki konveta. Chukua mfano wa giaboksi ya lita 9 ambayo sampu inatoa 3. Kumwaga mara ya kwanza kunakuachia theluthi mbili ya oili ya zamani. Mara ya tatu inabaki kama asilimia 30. Endesha siku chache kati ya mara moja na nyingine. Badilisha filta na gasketi ya sampu mara ya kwanza.

Kipimo cha ujazo kinafanywa injini ikiwa inaunguruma, gari liko sawa juu ya stendi imara, na umeshapitisha gia zote kwa leva. Toyota nyingi zisizo na dipstiki zinataka oili iwe kati ya nyuzi 35 na 45 hivi, ndipo ufungue nati ya ukaguzi na uache ya ziada idondoke. Kwa Dar, gari lililokaa juani mchana linaanza tayari likiwa ndani ya nyuzi hizo na linazipita upesi. Mimi kazi hii naifanya saa moja asubuhi. Ukizidisha, oili inatoa povu. Ukipunguza, pampu inavuta hewa. Yote mawili yanaleta joto lilelile unalolikimbia.

Hatua ya 7: Rudi mlimani

Panda tena palepale, mzigo uleule, skana mkononi. Usitarajie oili peke yake ishushe joto sana; kazi yake ni kulistahimili. Kama bado unavuka 120, ongeza kipozeo cha nje mbele ya kondensa ya AC, kwenye bomba linalorudi giaboksi baada ya kupita kwenye rejeta, kisha upime ujazo upya.

Namba ulizopata ziandike kwenye stika, uibandike kwenye nguzo ya mlango wa dereva: tarehe, kilomita, jina la oili, joto la juu kabisa Kitonga. Fundi atakayelishika gari hilo baadaye ataanzia hapo.