Mambo ya kuzingatia kabla ya kuwasha mfumo wa mawimbi kwenye boti

Majira ya joto yakiingia, maziwa ya jimbo la Minnesota, Marekani, hujaa boti, na miongoni mwa wanaozikodi wikendi wamo ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoishi huko. Vijana huulizia zaidi boti zinazotengeneza wimbi kubwa nyuma yake, mtu akasimama juu ya ubao na kuteleza bila hata kushika kamba. Dereva anagusa jina la mtelezaji kwenye skrini, na mfumo wenyewe unapanga mwendo, unajaza maji matangi ya boti na kusogeza vibati vya nyuma. Uhandisi huo naupenda sana. Ila mfumo unaijua boti peke yake. Haujui kina cha ziwa, hauoni gati la jirani, wala hauna habari kwamba watoto wanne wamehamia mbele. Hayo ni ya nahodha, na mengi yake humalizwa kabla kamba hazijafunguliwa.

Kwanza elewa wimbi linatoka wapi. Boti inapopita, uzito wake husukuma maji. Nyuma ikiwa nzito, wimbi linakuwa kubwa. Ndiyo sababu boti hizi hubeba farumi ya maji, yaani maji ya kuongeza uzito, mara nyingi zaidi ya tani moja. Hadi mwaka 2012 hivi, watu walirundikana ubavu mmoja ili boti ilale upande na wimbi la upande huo lisafike. Kisha kampuni ya boti ya Malibu ikaleta Surf Gate, mfumo wa vibati vya nyuma, na wenzao wa Nautique nao wakaja na mfumo wao. Kwenye Surf Gate, ukitaka wimbi la kulia, kinachofunguka ni kibati cha kushoto: kinachelewesha maji ya upande wake yasiwahi kukutana na ya upande wa pili, na wimbi la kulia linabaki laini huku boti imekaa sawa.

Vibati vya kawaida vya kusawazisha, vinavyoshuka chini ya tezi, yaani nyuma ya boti, vina kazi nyingine. Vyenyewe hunyanyua tezi na kuinamisha omo, yaani mbele ya boti. Kwenye boti za matembezi ipo mifumo kama Zipwake ya Sweden, inayosoma GPS na vihisi vya mlalo ikaviendesha yenyewe ili chombo kisiinamie upande. Kwa hiyo anayeshusha vibati vyote viwili akitarajia wimbi kubwa huwa anainua tezi, na wimbi linapungua. Kabla ya kupokea ufunguo, mwambie mwenye boti akuonyeshe kila namba ya kwenye skrini inasogeza kitu gani, maana kila kampuni ina vipimo vyake.

Uzito ndio wa kuuchunguza kuliko yote. Lita moja ya maji ni kilo moja, na abiria kumi na wawili wazima ni karibu tani nyingine. Soma kitabu cha boti uone kama uwezo ulioandikwa umehesabu farumi ndani yake au la, kisha panga watu. Hatari kubwa iko mbele. Mtelezaji akianguka, dereva hukata mafuta ghafla na kugeuka kumfuata, omo inazama kidogo, na wimbi la boti yenyewe linapanda juu na kumwagika ndani. Boti iliyojaa farumi haina nafasi ya kuvumilia maji hayo. Waambie mapema wanaokaa mbele kwamba wakati wa kugeuka wanarudi katikati, na wewe punguza mwendo taratibu, usubiri wimbi lipite, ndipo ugeuke. Pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya boti, ijaribiwe kabla ya kuondoka: inua boya linaloiwasha kwa mkono usikie kama inanguruma.

Boti ikiwa bado juu ya trela, mtu mmoja akae kwenye usukani na mwingine asimame nyuma, vidole mbali na vibati. Shusheni hadi mwisho, pandisheni hadi mwisho, mkitazama kama viwili vinakwenda pamoja. Kimoja kikichelewa, angalia betri kwanza, kwani volti zikishuka mfumo huanza kutoa taarifa za uongo. Mkishaingia majini, jazeni matangi yote na mtazame vitundu vya pumzi ubavuni. Maji yakianza kuruka nje hapo, tangi limejaa kweli. Skrini inayosema asilimia 100 wakati kitundu ni kikavu haifai kuaminiwa. Mifumo mingine huhesabu dakika za pampu tu, na majani ya ziwani yakiziba mdomo wa kuvutia maji, dakika zinakwisha tangi likiwa nusu.

Tafuta ramani ya kina cha ziwa usiku wa kuamkia safari. Mwaka 2022 maabara ya St. Anthony Falls ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilichapisha vipimo vyake na kushauri boti zinazotengeneza wimbi la kuteleza zikae zaidi ya futi 500 kutoka ufukweni, yaani mita 150 hivi. Jimbo la Vermont limeifanya futi 500 kuwa sheria tangu 2024, pamoja na kina kisichopungua futi 20. Hata pale ambapo sheria haijafika huko, naomba uzifuate. Wimbi hilo linakula kingo na kupiga boti zilizofungwa gatini, na nguvu ya propela inachimbua tope la chini.

Mwendo wa kuteleza ni wa polepole, kilomita 16 hadi 19 kwa saa, na hapo moshi wa injini huzunguka nyuma ya boti badala ya kupeperuka. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu wala rangi, na dalili zake, kichwa kuuma na kichefuchefu, hufanana na kulewa bahari. Mtu yeyote asikae kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwaka. Mchezo wa kuning'inia hapo huku boti inakwenda umeua watu Marekani, na California ilitunga sheria ya kuupiga marufuku mwaka 2004. Wala usiteleze nyuma ya boti ambayo propela yake imetokeza nyuma, hata ikiwa na mfumo mzuri namna gani.

Mtu mmoja awe mwangalizi, kazi yake kumtazama mtelezaji tu. Kila mmoja avae jaketi la kuokolea. Kwa watoto chini ya miaka 10, Minnesota inalidai kisheria boti inapokwenda.

Mwisho, panga muda wa kukausha, nusu saa ya ziada kabla ya kurudisha boti. Kome aina ya zebra, viumbe vamizi, waligunduliwa katika ziwa la Minnetonka huko Minnesota mwaka 2010, na mabuu yao hayaonekani kwa macho. Maji machache yanayobaki ndani ya matangi ya farumi yanatosha kuwahamishia ziwa jingine. Minnesota inakataza kubeba boti barabarani ikiwa na kizibo chake cha kutolea maji mahali pake, hivyo kichomoe palepale kwenye maegesho, endesha pampu za farumi hadi zisitoe tone, kisha ng'oa majani yote yaliyonasa kwenye trela.