California White: kutenganisha weusi wa damu na weusi wa baridi

Pua iliyopauka, mkia wenye ncha nyeupe, miguu ya kijivu: kasoro hizi humwangusha sungura wa California White mbele ya jaji wa maonyesho hata akiwa na mwili uliojaa. Mfugaji wa Kisumu akiziona huuza dume wake, hupanda hadi Molo kutafuta mwingine mwenye alama nyeusi tii, na mwaka haujaisha huyo mgeni naye amepauka. Hela zimekwenda, rangi haijaja. Kabla ya kuuza au kununua, jua kwanza weusi unaouona umetoka wapi.

California White hubeba jeni ya Himalaya. Jeni hii hutengeneza kimeng'enya cha rangi kisichostahimili joto. Hufanya kazi pale tu ngozi inapokuwa baridi kuliko sehemu nyingine za mwili. Ndiyo maana weusi hukaa puani, masikioni, miguuni na mkiani, na mgongo hubaki mweupe. Nywele ikishaota haibadiliki tena kwa baridi: weusi wake uliamuliwa ilipokuwa inaota. Koti analoingia nalo uwanjani ni kumbukumbu ya hali ya hewa ya wiki kadhaa zilizopita.

Sasa linganisha. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na alasiri za Februari hugonga digrii 30. Nakuru iko karibu mita 1,850, na Molo juu zaidi. Sungura yuleyule, damu ileile, atakuwa na pua nyeusi Molo na pua ya rangi ya majani ya chai Kisumu. Kwa hiyo kumlinganisha mnyama wa Molo na wa Kisumu hakukuambii lolote kuhusu mbegu. Linganisha ndugu wa uzao mmoja, au waliozaliwa mwezi mmoja kwenye kibanda kimoja. Ning'iniza humo kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, uandike vipimo kila wiki karibu na rekodi za uzazi. Bila hivyo, utachagua hali ya hewa ukidhani unachagua damu.

Baridi nayo hudanganya kwa upande wa pili. Jike aliyejinyonyoa kifuani kutandika kiota anaweza kuota nywele za kijivu pale pale kukiwa na baridi. Aliyeng'atwa mgongoni, au aliyenyolewa ili adungwe sindano, huweza kutokea na kiraka cheusi. Mezani kwa jaji atapoteza pointi, lakini hilo doa halirithishwi, usimtoe kwenye uzazi. Watoto waliopoa kiotani nao hupata masizi ya kijivu mwili mzima, nayo huondoka wanapobadilisha koti la kwanza. Kuna wanaojaribu kupoza watoto makusudi ili alama ziive mapema. Usifanye hivyo, mtoto asiye na manyoya akipoa sana hufa. Mimba ni siku 31: siku ya 28 weka sanduku la sm 45 kwa 30 kwa 30, lenye nyasi kavu za kutosha.

Pointi za rangi zitolewe wiki ya 8 na wiki ya 16, mchana, kivulini, na mtu mmoja yuleyule. Pima sehemu tano: pua, masikio, miguu ya mbele, miguu ya nyuma, mkia. Sifuri ni hakuna, 1 ni kijivu, 2 ni kahawia, 3 ni karibu nyeusi. Jumla ya juu ni 15. Usitazame ukolevu tu. Angalia weusi unafika wapi: puani ukwee kuelekea kati ya macho, masikioni ushuke hadi shinani, miguuni ukwee kadiri iwezekanavyo. Mkia uugeuze. Wengi husahau upande wa chini, na huko ndiko siri nyingi hukaa.

Chanzo kikubwa cha alama hafifu zinazorithiwa ni New Zealand White, sungura wa nyama aliye mweupe mwili mzima. Watu humchanganya kutafuta mwili na wingi wa watoto, na hilo linaeleweka, maana hata kwa jaji umbo lina uzito kuliko rangi. Lakini New Zealand White ana jeni ya weupe kamili, ambayo hufunikwa na ile ya Himalaya. Mtoto wa mchanganyiko huo huzaliwa na alama, akauzwa kama California halisi, ila hana nguvu kamili ya rangi: ana nakala moja ya Himalaya badala ya mbili. Macho hayatakusaidia, kwani wote wana macho mekundu.

Ushahidi ni huu: wazazi wawili wenye alama wakitoa hata mtoto mmoja mweupe asiye na alama yoyote, wote wawili wanabeba weupe. Subiri wiki ya 8 kabla ya kuhukumu, hasa ukiwa sehemu za joto, maana mtoto wa Kisumu wa wiki tatu anaweza kuonekana mweupe ilhali alama zinakuja.

Kwa dume unayetaka kumtegemea, usingoje bahati. Mpandishe kwa jike wa New Zealand White halisi. Akiwa safi, kila mtoto atakuwa na alama. Akiwa anabeba weupe, karibu nusu watakuwa weupe. Kati ya watoto saba, dume anayebeba ana nafasi 1 tu kati ya 128 ya kutotoa hata mweupe mmoja. Uzao mmoja mkubwa hutosha basi. Watoto hao wote waende nyama. Ukiwabakiza umerudisha kwa mlango wa nyuma kile ulichokuwa unakitoa.

Kasoro nyingine zina njia zake. Upande wa chini wa mkia ukiwa mweupe na ndani ya sikio kumepauka, shuku damu ya sungura wa Chinchilla iliyoingia zamani na kuacha rangi ya mwituni. Hiyo ni jeni inayotawala, haiwezi kujificha kwa asiyeionyesha, kwa hiyo ukiwaondoa wote wanaoionyesha imekwisha. Kidole cheupe au doa jeupe katikati ya pua mara nyingi ni damu ya sungura wa Dutch, ambaye yuko kila soko la Nyanza. Hii ni mbaya zaidi kwa sababu hujificha vizazi kadhaa. Alama za kahawia hata kwa aliyeota koti Julai, huku ndugu zake wa kiota kimoja wakiwa weusi, huenda ni chokoleti. Waingereza humkubali chokoleti, buluu na lilaki katika California; Wamarekani, waliomtengeneza sungura huyu miaka ya 1920, wanataka weusi tu. Uliza shoo yako inafuata kiwango kipi kabla hujamchinja.

Banda dogo la madume wawili na majike watano linatosha kuanza, likigawanywa koo mbili. Binti bora wa ukoo wa kwanza aende kwa dume wa ukoo wa pili, na kinyume chake. Baba kwa binti huleta mlingano wa damu (kipimo cha kuzalisha ndani ya ukoo) wa asilimia 25, na dalili za kuzidisha ni uzao kupungua na meno ya mbele kupishana. Ndugu wa baba mmoja, mama tofauti, ni asilimia 12.5, hapo unaweza kufanya mara moja ili kuimarisha alama, kisha utoke nje. Usipandishe wawili wenye kasoro ileile hata kama mengine yote ni mazuri: mkia hafifu kwa mkia hafifu hauzai mkia mweusi. Na chagua kasoro moja ya kushughulikia kwa kizazi. Ukifukuza pua, mkia na miguu kwa pamoja ukiwa na majike watano, utabaki huna wa kubakiza.

Dume wa nje, awe ametoka kituo cha sungura cha Ngong au kwa mfugaji wa Njoro, akae peke yake siku 30. Mpe majike wawili kwanza, si wote.

Kwa maonyesho ya katikati ya mwaka, pandisha mwishoni mwa Novemba. Watoto watazaliwa karibu na mwisho wa Desemba, na koti la ukubwani litaota joto likiwa limepungua. Kisumu, pandisha paa, paka mabati rangi nyeupe, na usielekeze mlango wa kibanda magharibi. Jua la moja kwa moja hubabua masikio yakageuka rangi ya kutu, na mkojo hufanya miguu kuwa ya manjano, kwa hiyo sakafu ya waya isafishwe kila siku. Joto likipita digrii 30 kwa siku nyingi dume pia hupungukiwa mbegu. Akishindwa kutia mimba Machi, mjaribu tena kukipoa kabla ya kumlaumu. Kwa mkubwa, gramu 120 hadi 150 kwa siku za pelleti zenye protini ya asilimia 16, na nyasi kavu muda wote.

Wiki ya shoo, kagua kucha, chini ya mkia, na nywele nyeupe ndani ya alama. Koti likiwa limeanza kupukutika, mwache nyumbani. Na wanaopaka dawa ya viatu puani wajue kwamba kitambaa cheupe chenye maji kinatosha kuwaumbua, na sungura huondolewa papo hapo.