Kufunga na kutunza matairi ya lori la rimoti: kazi iko kwenye heksi na gundi

Tairi la lori la rimoti halijazwi upepo. Kinacholifanya lisimame ni sponji iliyo ndani, na kinacholishikilia kwenye rimu ni gundi. Gari likiyumba, tairi likichomoka kwenye kona au mota ikiunguruma huku gurudumu limetulia, usikimbilie kulaumu mpira. Angalia kwanza heksi, pini, nati na ule mfereji mwembamba wa rimu unaopokea gundi.

Maelezo haya ni ya malori ya kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, kwa mfano Traxxas Slash iliyoingia sokoni 2008.

Kabla ya kununua

Heksi ni kile kipande chenye pembe 6 kinachokaa kwenye ekseli na kuingia kwenye tundu la rimu. Ipime kutoka ubapa mmoja hadi ubapa wa pili. Malori mengi ya 1/10 yana 12 mm, ya 1/8 yana 17 mm. Rimu ya 12 mm haiingii kwenye heksi ya 14 mm, na usijaribu kulitanua tundu kwa tupa.

Saizi ya tairi huandikwa kwa inchi, na ni ya pale mdomo wa tairi unapokaa kwenye rimu, si kimo cha tairi zima. Slash ina jambo lake: upande wa nje wa rimu ni inchi 2.2, wa ndani ni 3.0. Tairi lililoandikwa 2.2 tupu, la malori ya kupanda mawe, halitakaa hapo.

Angalia pia kina cha rimu, yaani jinsi inavyotokeza nje au kuingia ndani ikishafungwa. Slash inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee hutumia rimu za mbele zenye kina tofauti na za nyuma. Ile inayosukumwa na yote manne hutumia rimu za aina moja kotekote. Ukikosea hapa, tairi litasugua bodi au mkono wa saspensheni kila unapokata kona.

Ukiongeza kimo cha tairi, umeongeza mzigo wa mota. Punguza pinioni, yaani gia ndogo iliyo kwenye mota, kwa jino 1 au 2, kimbiza gari dakika 3, kisha gusa mota. Kama huwezi kuacha kidole hapo kwa sekunde 3, mota inaungua. Punguza tena.

Kugundisha tairi

Hapa usiwe na haraka. Tairi jipya hutoka kiwandani na utelezi wa dawa inayolisaidia kuchomoka kwenye kalibu, na gundi haishiki juu ya utelezi huo. Lioshe ndani na nje kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, likauke kabisa, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti kwenye midomo yote miwili. Mfereji wa rimu nao ufute kwa spiriti na uukwaruze kidogo kwa msasa namba 320. Rimu yenye kromu ikwaruzwe mpaka plastiki ionekane ndani ya mfereji. Usipofanya hivyo, gundi itashika kromu, na kromu itabanduka pamoja na tairi.

Ingiza sponji ndani ya tairi na uizungushe kwa vidole mpaka ilale bila kujikunja. Mahali ilipokunjika patakuwa na kibonge, na gari litadunda kila mzunguko. Vika tairi kwenye rimu, kisha libonyeze pande zote ili mdomo uzame kwenye mfereji. Pekua mzunguko mzima uhakikishe hakuna sponji iliyobanwa kati ya mpira na rimu. Kama tairi lina mshale, panga sasa mawili ya kushoto na mawili ya kulia. Gundi ikishakauka, kosa hilo halirekebishiki kwa urahisi.

Kata kipande cha tyubu ya baiskeli chenye upana wa sentimita 2, ukifunge kuzunguka katikati ya tairi. Kitausukuma mdomo ukae chini wakati wa kugundisha. Rababendi nene nayo inafaa.

Tumia supaglu nyepesi kama maji, si ile nzito ya jeli, kwa sababu nyepesi hujipenyeza yenyewe mpaka chini. Fungua dirisha na ulinde macho, maana mvuke wake unawasha. Laza gurudumu. Kwa kidole gumba vuta ukuta wa tairi nyuma kidogo, mfereji ufunguke upana wa unywele tu. Dondosha tone moja na ulitazame: litakimbia lenyewe kushoto na kulia, kama sentimita 2 au 3, kisha litasimama. Achia mpira, bonyeza sekunde 15, sogea hadi tone lilipoishia. Ukimaliza mzunguko acha dakika 10, geuza, fanya upande wa pili. Liache lilale usiku mzima kabla ya kulikimbiza.

Gundi ikimwagika kwenye ukuta wa tairi, ifute papo hapo. Ikikauka pale huufanya mpira uwe mgumu kama kucha, na tairi huchanika hapohapo mara linapojikunja.

Tundu za kupumulia

Tairi lazima lipumue gari linapotua kutoka juu. Rimu nyingi zina tundu 2 kwa kazi hiyo, lakini kwenye tope hizohizo ndizo huingiza maji, na sponji iliyolowa huwa nzito upande mmoja. Kama unakimbiza kwenye maji, ziba tundu za rimu kwa utepe, kisha toboa tundu 2 za 3 mm katikati ya sehemu ya tairi inayogusa ardhi, zikitazamana. Gurudumu likizunguka, maji yatarushwa nje.

Kufunga kwenye ekseli

Pini ya heksi iwe katikati ya ekseli, ncha zote mbili zitokeze sawa. Paka grisi kidogo ili isidondoke. Ikipotea, ekseli itazunguka ndani ya heksi na gurudumu litabaki limesimama. Sukuma heksi mpaka pini ilale kwenye mfereji wake, vika rimu, kaza nati kwa spana ya boksi ya 7 mm. Ikigusa rimu, ongeza robo mzunguko tu. Kukaza kupita hapo kunaponda plastiki.

Sasa tazama ncha ya ekseli. Hesi, ile mikato ya mzunguko ambayo nati hujifungia, lazima zipite kwenye ule mviringo wa nailoni ulio mdomoni mwa nati. Rimu nene za alumini mara nyingi huifanya ekseli iwe fupi, nati ikashika chuma tu bila nailoni, na baada ya dakika chache gurudumu liko njiani peke yake. Nati unayoweza kuizungusha kwa vidole mpaka mwisho imekwisha. Itupe.

Heksi za alumini zenye skrubu ya kubana zinahitaji gundi ya hesi ya rangi ya buluu, inayozuia skrubu isilegee. Isiguse plastiki, kwani huipasua. Na baadhi ya magurudumu ya mbele yasiyosukumwa na mota yana beringi ndani ya rimu yenyewe. Hayo kaza, kisha legeza kidogo mpaka yazunguke kwa wepesi.

Yanayoharibika

Ukisikia "tak, tak" unapokanyaga mafuta, tundu la rimu limeanza kuwa duara kwa sababu nati ililegea. Kujaza utepe hakusaidii, badili rimu. Gurudumu likicheza ukilitikisa ilhali nati imekaza, beringi imechoka. Inayotumika sana ni ya 5 × 11 × 4 mm, lakini pima yako kwanza.

Usikanyage mafuta yote ukiwa umeliinua gari. Gurudumu moja likishikwa, difu humpa mwenzake kasi mara 2, tairi linavimba jembamba kama sahani na linaweza kuchomoka kwenye gundi usoni pako. Kwa mota yenye nguvu nunua matairi yenye mkanda ndani.

Baada ya tope, osha kwa sabuni, usitumie petroli wala dizeli. Hifadhi gari juu ya kopo, magurudumu yaning'inie, mbali na jua. Likikaa kwa uzito wake miezi kadhaa, sponji hubonyea upande mmoja.

Tairi likiisha na rimu bado nzima, chemsha gurudumu dakika 15 kwenye sufuria isiyopikiwa chakula, kisha livue likiwa la moto kwa koleo na glavu. Asetoni nayo huyeyusha gundi, ila dondosha tone moja ndani ya rimu kwanza. Plastiki ikinata kidoleni, asetoni itaila rimu yote, hivyo rudi kwenye maji ya moto.