Kuhamisha daftari la mizani kwenye hifadhidata: hatua kwa hatua, na tarehe zitakazokutoa jasho

Mwongozo huu ni wa mtu anayeijua kompyuta kiasi, ana madaftari ya kikundi mkononi, na ameshaambiwa "hebu tutilie humo ndani". Nimeuandika baada ya kukaa na vijana wawili wa kikundi cha wakulima wa mwani, kusini Unguja, tukihamisha madaftari yao ya mizani. Mwani wa biashara unalimwa kwetu tangu 1989, kwa hiyo madaftari ya namna hii hayakosekani, iwe Paje au Pemba. Kama yako ni ya karafuu, ya duka au ya mahudhurio ya skuli, badilisha majina tu, kazi ni ile ile.

Hatua ya 1: Kompyuta iache kwanza

Chukua karatasi uandike maswali ambayo kikundi kinataka yajibiwe. Bi fulani ameleta kilo ngapi tangu Januari? Mnunuzi bado anadaiwa kiasi gani? Mwani mnene umeingia kiasi gani kulinganisha na mwembamba? Jambo ambalo hakuna anayeliuliza, data yake usiikusanye.

Hatua ya 2: Ligawe daftari kwa majedwali

Kwenye daftari, mstari mmoja hubeba kila kitu: jina, shehia, simu, aina ya mwani, kilo, bei. Mtu akibadilisha laini ya simu, utarekebisha mistari mingapi? Dawa yake ilitolewa na E. F. Codd, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, katika makala yake ya 1970, na kwa kazi yetu inatosha kushika hili: kila jambo liandikwe mahali pamoja tu, kwengine lirejewe kwa namba.

Kwa hiyo tunapata majedwali matatu: *mkulima*, *aina* na *mpimo*. Jedwali la mpimo lina namba ya mkulima, namba ya aina, tarehe, uzito na bei.

Utauliza, bei si ya aina ya mwani? Mbona isikae kwenye jedwali la aina? Kwa sababu bei hupanda na kushuka. Ukiibadilisha huko leo, malipo ya mwaka jana nayo yatabadilika, na hapo jiandae kwa ugomvi. Bei iliyotumika siku ya mzani ni habari ya siku ile, ikae na mzani wake.

Pesa ziandike kwa shilingi nzima na uzito kwa gramu: kilo kumi na mbili na nusu ni 12500. Mimi desimali sizitaki kabisa kwenye mambo ya malipo.

Hatua ya 3: Kila mtu na namba yake

Jina halitoshi kumtambulisha mtu. Shehia moja inaweza kuwa na kina Asha Juma watatu, na ukiongeza jina la babu wakabaki wawili. Simu nayo haifai, maana mama na binti mara nyingi hutumia moja. Wapo watakaokushauri utumie namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Nakataa. Faili hili litazunguka kwenye flashi, usibebeshe humo mambo ya watu yasiyohitajika. Iache hifadhidata itoe 1, 2, 3 yenyewe, na huo ndio ufunguo msingi. Mtu akitoka kikundini usimfute. Weka safu ya hali, andika "ametoka", ili namba yake isije kupewa mwengine.

Hatua ya 4: Tarehe

Hapa ndipo muda wetu ulipokwenda, basi nivumilie.

Vijana waligawana madaftari, kila mmoja akaandika kwenye Excel kwa kompyuta yake. Moja ilikuwa imewekwa mpangilio wa tarehe wa Kimarekani, mwezi mbele ya siku. Ukiandika 03/04/2025 kwenye kompyuta kama hiyo, ukikusudia tarehe 3 Aprili, inasoma Machi 4 na haisemi kitu. Ukiandika 13/04/2025 inashindwa, kwa kuwa mwezi wa kumi na tatu haupo, basi inaiacha kama maandishi ya kawaida. Matokeo yake, kila mwezi siku kumi na mbili za mwanzo zimepinduka na zilizobaki ziko sawa. Dalili ya kuangalia: tarehe zilizosomwa kama tarehe hukaa kulia mwa kisanduku, zilizobaki maandishi hukaa kushoto. Ukiona safu moja ina kulia na kushoto, simama hapo hapo.

Huwezi kuzirekebisha kwa macho, kwa sababu Machi 4 nayo ni siku halali. Kilichotuokoa ni kuwa daftari huandikwa kwa mfuatano. Ongeza safu mbili, *ukurasa* na *mstari*, upange kwa hizo, kisha tafuta tarehe inayorudi nyuma au kuruka mbele ghafla. Hiyo ndiyo iliyopinduka.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Kabla ya kuandika chochote, ifanye safu ya tarehe iwe ya maandishi, na andika mwaka-mwezi-siku: 2025-04-03. SQLite, programu ya hifadhidata tutakayoitumia, haina aina maalumu ya tarehe, na maandishi ya mpangilio huu hujipanga yenyewe kwa mfuatano sahihi. Ukiipa 3/4/2025, kazi zake za tarehe hurudisha kapa (NULL, yaani hakuna kitu) bila kulalamika. Ukishaingiza data, kagua hivi:

`SELECT * FROM mpimo WHERE tarehe IS NULL OR tarehe NOT LIKE '____-__-__';`

Ikileta mstari hata mmoja, rudi kwenye daftari.

Kisha kuna saa. Daftari linasema "saa 2". Mzani wa mchana jumlisha sita: saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 10 jioni ni 16:00. Saa 1 hadi saa 5 za usiku jumlisha kumi na nane. Tatizo ni "usiku wa Ijumaa". Wazee wetu huanza siku magharibi, kwa hiyo kwao huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwenye kalenda ya kompyuta bado ni Alkhamisi. Kijana aliyeandika ukurasa unaofuata anaweza kuwa na maana nyengine. Muulize mwandishi mwenyewe. Na ukikuta "Ramadhani 12" au "Mfungo Mosi", usihesabu kwa vidole, kwani mwezi huandama, haupangwi. Weka safu ya *tarehe_daftari* yenye maneno kama yalivyo, uulize baadaye.

Hatua ya 5: Unda na uingize

Sakinisha SQLite na DB Browser, programu ya kuifungulia kwa vitufe, unda majedwali, ingiza faili za CSV ulizozihifadhi kutoka Excel. Watu watakusukumia MySQL, hifadhidata inayotaka seva. Kwa kikundi chenye kompyuta moja, seva ni mzigo wa bure.

Moja tu la kushika: SQLite kwa kawaida hailindi ufunguo wa kigeni, yaani namba inayorejea jedwali jengine, mpaka uiambie, tena kila unapoifungua:

`PRAGMA foreign_keys = ON;`

Bila hiyo, mpimo wa mkulima namba 87 utapokewa hata kama kikundi kina watu arubaini. Kwa yaliyokwisha kuingia, `PRAGMA foreign_key_check;` itakuonesha mistari isiyo na mwenyewe.

Hatua ya 6: Hesabu ya malipo

Zidisha kwanza ndiyo ugawe: `uzito * bei / 1000`. Ukianza kugawa, 12500 kwa 1000 itakupa 12 kamili, na nusu kilo ya mtu imekwenda.

Hatua ya 7: Nakala

Waliokuwapo Unguja umeme ulipokatika kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, hawahitaji kuhimizwa. Usinakili faili huku programu inaandika ndani yake. Tumia amri ya `.backup` kwenye dirisha la amri la sqlite3, weka nakala kwenye flashi inayolala nyumba nyengine, na kila mwezi ifungue kwenye kompyuta ya mtu mwengine, uiulize swali moja la Hatua ya 1. Isipojibu, hiyo si nakala, tengeneza nyengine siku ile ile.