Mtoto analia tumbo: mwangalie kwanza, dawa baadaye

Inbox yangu imejaa "dada mtoto tumbo linamuuma nimpe nini", sasa naandika hapa mara moja, anayeuliza tena namletea hii.

1. Ana homa? Kapime malaria, Tanga hii usibahatishe.

2. Mara ya mwisho alipata choo lini? Wengi ni choo kigumu tu. Maji, papai, machungwa.

3. Mvue nguo umwangalie. Hapa ndo watu wanapotea. Mtoto wa miezi mitatu mpaka miaka miwili akilia ghafla huku anakunja miguu, akanyamaza kama hana kitu, halafu baada ya robo saa hivi analia tena vilevile, inaweza kuwa utumbo umeingiana, kipande kimeingia ndani ya kingine kama mkono wa shati ukiuvua vibaya. Nyumbani watasema chango, wachemshe mizizi au wamtie dawa kwa nyuma, na masaa yanakwenda. TAFADHALI msifanye hivyo. Ukiona choo cha damu na makamasi ujue hali imeshakuwa mbaya. Wa kiume mwangalie na korodani, ikijisokota mna masaa machache tu ya kuiokoa na wengi wanaona haya, wanasema tumbo. Matapishi ya kijani, tumbo gumu, maumivu yaliyohama kitovuni kwenda chini kulia, hataki hata kunywa: hospitali, hata saa nane usiku, hakuna kusubiri kukuche.

4. Anaharisha? ORS na zinki siku 10 mpaka 14, ziwa usikatishe.

5. Panadol ya maji kwa uzito wake, sio kwa kukadiria. Diclofenac ya mtu mzima usimkatie nusu.

MASWALI

Mama wa Makorora: Nimpe flagyl?
– Umesoma? Flagyl sio dawa ya kila tumbo.
Mama wa Makorora: Ndefu sana dada
– Soma namba 3 peke yake.

Baba wa Pongwe: Wangu ana miaka 6, tumbo linamuuma asubuhi za shule tu, Jumamosi mzima. Anadanganya?
– Hadanganyi kaka, asante kwa kuuliza. Hofu inauma tumbo kweli. Muulize taratibu kuhusu mwalimu, wenzake, na choo cha shule, wapo wanaojizuia kutwa nzima kwa sababu choo kichafu. Andika kwenye daftari siku na saa. Ila akiamka usiku kwa maumivu au akikonda, mpeleke.

Mama wa Chumbageni: Na minyoo?
– Kuanzia mwaka mmoja, kila miezi sita. Albendazole 200 mg kwa wa mwaka mmoja, 400 mg akitimiza miwili.

Baba wa Pongwe: Na hizi embe mbichi za pilipili msimu huu?
– Zinachangia. Aoshe mikono na embe kwanza.

Mama wa Ngamiani: Naongezea kwenye ORS, pakti ya lita moja msiichanganye kwenye chupa kubwa ya dukani mkaijaza, ile ni lita moja na nusu. Tumieni ya nusu lita mara mbili.
– Ahsante shoga, hilo nilisahau.